Kidole gumba kilipozama ukutani

Ilikuwa Mei 2021, asubuhi yetu ya kwanza kambini kando ya Ziwa Superior. Nilikuwa nimelala ubavu ndani ya trela, napapasa nyuma ya godoro nikitafuta soketi ya kuchajia simu, kidole gumba kikazama ukutani. Hakikutoboa. Ule ubao mwembamba uliobandikwa karatasi ya maua ulilegea tu, ukarudi ndani kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikanusa kidole. Kilinuka kama gunia la mchele lililonyeshewa na kusahaulika stoo.

Nilimwita mke wangu. "Mama Salma, hebu bonyeza hapa."

Akabonyeza, akanitazama. "Si ulisema umeziba?"

Nilikuwa nimeziba kweli, na hapo ndipo penye kisa.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Minnesota tangu 2008, na kazi yangu ni kuendesha basi la shule. Shule zikifungwa kiangazi nakuwa na wiki kadhaa mikononi na watoto watatu wasiotaka kukaa nyumbani. Mwaka 2019 tukanunua trela la kulala, lile ambalo Wamarekani hulitaja kwa herufi mbili tu, RV. Lilikuwa kuukuu, futi 24, limetengenezwa Indiana yanakotoka mengi ya magari haya. Ndani lina jiko, friji, choo, vitanda vya watoto, na upande mmoja ambao ukibonyeza kitufe hutoka nje kama droo ya kabati na kupanua sebule. Watoto waliliita jahazi tangu siku ya kwanza. Sikujua wakati ule kwamba walikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Jambo linalonichekesha hadi leo, ingawa ni kicheko cha uchungu, ni hili: kila alfajiri kabla ya kubeba mtoto wa mtu nalizunguka basi zima na tochi. Taa, matairi, milango ya dharura, vioo. Sheria inataka hivyo, na nikikosa kufanya nina kesi ya kujibu. Trela langu halikuwa na sheria. Nililiosha, nikaliegesha, nikalisifia kwa wageni.

Kiangazi cha 2020 niliona ufa kwenye kona ya mbele, pale ukanda wa alumini unapokutana na ukingo wa paa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua mrija wa silikoni isiyo na rangi, ile tunayozungushia sinki, nikakamua juu ya ufa, nikalainisha kwa kidole kilicholowa mate. Ulipendeza. Najua mtu ataniletea methali ya ufa na ukuta, na mimi mwenyewe niliisema kwa sauti nikishuka ngazini. Shida ni kwamba methali haituambii tuzibe kwa kitu gani, wala tusafishe nini kabla ya kuziba.

Niliporudi nyumbani siku ile ya Mei nilipiga simu gereji moja ya magari haya. Wakaniambia nilete, wakalitazama kwa dakika kumi, wakanitajia dola 4,800 na miezi mitatu ya kusubiri. Nilishukuru, nikarudi nalo. Nikaanza kulifungua mwenyewe, kwanza kwa hasira, kisha kwa udadisi.

Ukitaka kujua trela la aina yangu limejengwaje, fikiria sandwichi. Nje ni bati la alumini lenye mikunjo. Nyuma yake kuna fremu ya mbao nyembamba za inchi mbili kwa mbili, na katikati ya mbao hizo imejazwa sufi ya kioo ya kuzuia baridi. Ndani kabisa kuna plaiwudi ya milimita tatu hivi, ndiyo ile iliyomezwa na kidole changu. Juu ni plaiwudi tena iliyofunikwa mpira mmoja mpana, wa aina ya EPDM, umegundishwa kama ngozi ya ngoma. Na ngozi hiyo imetobolewa. Feni mbili, kiyoyozi, mabomba ya hewa ya choo, kidirisha juu ya bafu, antena, ngazi. Nilihesabu matundu 11 ambayo kiwanda chenyewe kilitoboa, karibu yote yakizuia mvua kwa gundi tu. Halafu unalifunga nyuma ya gari, unakimbia nalo maili 60 kwa saa, na kila ubao unasukumana na mwenzake kama mbao za chombo kwenye mawimbi. Gundi haina budi kuchoka.

Nilidhani maji yanaingia dirishani, kwa sababu ukuta uliooza ulikuwa chini ya dirisha. Nikatumia Jumamosi nzima kuling'oa dirisha. Chini yake mbao zilikuwa zimelowa, lakini pembeni yake zilikuwa kavu. Maji yalikuwa yanatoka juu. Nikafuata alama: ubao wa kusimama ulikuwa na mstari wa kahawia kama chai iliyomwagika, ukipanda, ukipanda, hadi kwenye kona ya paa, mita mbili kutoka pale kidole kilipozama. Yaliingilia kule juu, yakateremka na ubao kimyakimya, yakafika chini yakakosa pa kwenda, yakakaa.

Kuna ukanda wa alumini unaofunika kila kona, umefungwa kwa skrubu kila baada ya inchi nne au tano, na juu ya skrubu hizo umepachikwa utepe wa plastiki ili usione vichwa vyake. Utepe ule husinyaa kwa jua. Wangu ulikuwa umesinyaa hadi ukafupika inchi mbili kule juu. Nilipouvuta wote ukatoka kama utumbo, na chini yake kulikuwa na mfereji mdogo uliojaa tope jeusi na majani membamba ya msonobari. Skrubu zilikuwa na kutu. Tatu zilitoka kwa vidole vyangu bila bisibisi, kwa sababu mbao zilizokuwa zinazishika hazikuwepo tena. Zilikuwa unga.

Na silikoni yangu? Ilikuwa pale, safi, inang'aa. Ilishika vizuri upande wa alumini, lakini upande wa paa ilikuwa imeachia kabisa, kwa sababu silikoni haishikamani vyema na mpira wa EPDM. Ilikuwa imetengeneza kijimdomo. Mvua ikiteremka kutoka paani inapokelewa na kijimdomo kile, inaelekezwa ndani. Kabla sijaziba, huenda nusu ya maji yalikuwa yanapita nje. Mimi nilijenga bomba.

Basi Januari nzima ikapita juu ya hayo. Minnesota Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi -25. Maji yakiganda hupanuka, kama asilimia tisa, na yakiwa ndani ya tundu la skrubu hayana pa kupanukia ila kulisukuma tundu. Mchana jua linapiga, yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi. Usiku yanaganda tena. Sisi wa pwani tunaijua kutu, tunaijua chumvi, lakini hii ya maji kugeuka patasi sikuwa nimeifikiria.

Kazi iliyonitoa jasho haikuwa kubadili mbao. Mbao nilizikata, nikazifunga, nikaweka sufi mpya na plaiwudi mpya, wikiendi mbili zikatosha. Kazi ilikuwa kuitoa ile silikoni. Ukiivuta inatoka vipande vipande, inakuachia utando usioonekana, wenye utelezi kama mafuta ya nazi. Na juu ya utando ule hakuna gundi inayoshika, hata silikoni nyingine. Nilikwangua kwa kipande cha plastiki (chuma kingechana mpira), nikasugua kwa kitambaa na spiriti, nikapitisha kidole. Kinateleza. Nikasugua tena. Kona moja, kiganja kimoja cha urefu, saa tatu na nusu. Mrija wenyewe ulinigharimu dola saba na dakika nne za kukamua.

Nikiwa nimepiga magoti juu ya paa lile ndipo nilipomkumbuka babu yangu mzaa mama. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Matondoni, kisiwani Lamu, na nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwake likizo nikawa mtoto wa kushika pamba. Chombo kikivutwa mchangani, kazi ya kwanza ni kukalafati: unasokota pamba iliyotiwa mafuta, unaigongomea katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, mshono baada ya mshono. Nilichokisahau ni kilichotangulia pamba. Asubuhi yote mpaka adhuhuri babu alikuwa anatoa kalafati ya zamani kwa ndoana, kila unyuzi, anapuliza mshono, anauingiza ukucha. Mimi nimekaa na pamba yangu, nimechoka kungoja. Kuweka mpya kulikuwa ni baada ya sala ya alasiri, na kulikwisha kabla ya magharibi.

Hakunieleza kitu. Nilikuwa na miaka minane na nilitaka kwenda kuogelea.

Kwa hiyo kona ile niliirudisha hivi. Nyuma ya ukanda wa alumini nililaza utepe wa butili, ule mweusi laini unaonata kama ubani uliotafunwa, usiokauka kwa miaka mingi. Nikafunga skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu, ndefu kidogo kuliko za mwanzo ili zikute mbao nzima. Siku ya pili nikazikaza tena, kwa sababu butili hujisogeza taratibu, na kilichojitokeza pembeni nikakikata. Utepe mpya wa plastiki nikauacha mrefu kuliko mfereji, nikauchomeka bila kuuvuta; ukiuvuta ili ukae vizuri leo, kesho utasinyaa. Juu, pale kona inapokutana na paa, nikakamua gundi maalumu ya paa za mpira. Mimi hutumia ya kampuni ya Dicor, na ziko aina mbili ambazo mgeni huchanganya: ile inayojisambaza yenyewe kama uji mwepesi, ni ya sehemu tambarare tu, na ile nzito isiyomiminika, ni ya ukutani. Nimewahi kumwona jirani wa kambini akiweka ile ya uji kwenye ukuta wa pembeni. Baada ya nusu saa ilikuwa imefika kwenye tairi.

Jumla nilitumia kama dola 600 na wikiendi tano. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Trela ambalo kuta zake ni bamba la faibaglasi lililogundishwa kiwandani halifunguki kirahisi hivi. Maji yakiingia humo bamba linavimba mapovu, na hapo ni fundi mwenye vifaa.

Tangu mwaka ule napanda juu mara mbili bila kukosa, Aprili theluji ikishaisha na mwishoni mwa Septemba, na katikati ya kiangazi nachungulia kwa haraka baada ya kila safari ndefu. Vitabu vingi vya watengenezaji vinataka kila siku 90 na sidhani wanatia chumvi. Natandika kipande cha plaiwudi juu ya paa ili uzito wangu usilemee sehemu moja, nalala kifudifudi, uso karibu na gundi. Ukisimama huoni kitu. Gundi iliyochoka kwa mbali inaonekana nyeupe na nzima kabisa. Kwa karibu ina mistari kama kisigino kisichopakwa mafuta. Naibonyeza pembeni kwa kucha. Ikinyanyuka na kuonyesha uchafu chini yake, hiyo imekwisha, hata kama juu haina ufa. Ikiwa imeshika vizuri na ina vijinyufa vya juu tu, naisafisha na kuongeza safu mpya ya aina ileile. Hili la aina ileile nalikazia.

Gundi yenyewe haitaki baridi. Chini ya nyuzi 10 hivi inatoka ngumu na haisambai, ndiyo maana Oktoba ya hapa ni kuchelewa. Mwaka mmoja nilichelewa, nikajaribu kuisaidia kwa kikausha nywele cha Mama Salma huku vidole vimekufa ganzi. Sikusaidia kitu, na kikausha nywele hakikurudi kama kilivyokuwa.

Kiyoyozi ni kisa cha peke yake, kwa sababu hakikai kwenye gundi. Kinakalia gasketi ya sponji nene, juu ya tundu la mraba la inchi 14, kikavutwa chini na boliti nne ndefu unazozifikia kutoka ndani. Miaka ikipita gasketi inabonyea, boliti zinalegea. Mwaka 2022 tuliona doa la duara darini na nikawa tayari kupanda na mrija wangu. Bahati nilikuwa nimeshajifunza kuuliza kwanza. Nikafungua kifuniko cha ndani, nikazungusha kila boliti kidogo kidogo, kwa kupokezana, mpaka gasketi ikabanwa sawasawa. Doa halijakua tangu hapo. Ningeizungushia gundi kule juu, maji yanayotoka kwenye kiyoyozi chenyewe yangekosa pa kutokea.

Nasema hivyo kwa sababu kosa la namna hiyo nilishalifanya upande mwingine. Chini ya fremu ya kila dirisha kuna vitundu viwili vidogo. Mimi kwa bidii yangu niliona matundu, nikayaziba. Kumbe mvua ikipiga kioo hutiririka ndani ya mfereji wa fremu na kutokea hapo. Mvua iliyofuata mfereji ukajaa, ukafurika ndani, juu ya mto wa binti yangu. Siku hizi navizibua kwa kijiti cha kuchokolea meno.

Mipira inayozunguka ile droo ya sebule nayo ina tabia yake. Rafiki yangu mmoja, naye wa pwani, alinishauri niipake grisi ili isikauke, akaniambia hata majahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki. Ni kweli, mbao za jahazi hupenda mafuta hayo na harufu yake huwezi kuisahau ukiwa hai. Lakini mpira wa aina hii ukipakwa kitu cha petroli huvimba, unalegea, baadaye unapasuka. Naiosha kwa maji na sabuni ya vyombo, naacha ikauke kabisa, kisha napitisha dawa ya mpira isiyo na petroli. Kabla ya kuirudisha droo ndani napanda kufagia juu yake. Jani moja la mwaloni likikunjwa chini ya mpira linatosha kuinua mdomo, na mvua inaingia njia nzima kama abiria asiyelipa.

Kujaribu kwa maji nako kuna utaratibu. Mmoja anakaa ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa bustani, maji ya kutiririka tu, si ile mashine ya kusukuma maji kwa nguvu ambayo hung'oa hata gundi nzima. Unaanzia chini. Dakika kumi usawa wa taa, dakika kumi usawa wa dirisha, ndipo unapanda. Ukianzia paani, maji yatateremka kila mahali na hutajua tundu ni lipi. Kwetu Salma ndiye mtu wa ndani. Ana miaka 13 na ana mkono mzuri kuliko kipima unyevu nilichonunua dola 40. Anapitisha kiganja ukutani polepole, macho amefumba, na akisema "Baba, hapa pana baridi," pana baridi.

Mwezi uliopita alisema hivyo, kwenye kona ya nyuma, upande wa ngazi. Kipima unyevu kinasoma asilimia 17, si kavu kama kuta nyingine na si kuoza. Nimefunika kona hiyo kwa turubai kwa sababu theluji imeshaanza na gundi haishiki tena hadi Aprili. Mirija miwili ya kuanzia kazi nimeiweka kabatini jikoni, kando ya unga wa ugali, maana gereji inaganda. Mama Salma ameshaniuliza mara mbili inafanya nini pale.